Binti mfalme wa dukani na mabinti zetu wa Liverpool

Jumamosi moja asubuhi, katika duka moja kubwa la vitu vya watoto hapa Liverpool, kusini magharibi ya jiji la Sydney, tulimkuta mtoto wa kike wa miaka mitano amesimama mbele ya kioo. Juu ya nguo zake alikuwa amevaa gauni la buluu la binti mfalme, na kichwani ameweka taji la plastiki. Baba yake, mwenzetu kutoka Uvira, alikuwa pembeni na toroli lake akitabasamu. Tulikuwa na haraka zetu, lakini tukasimama kusalimiana, kama ilivyo desturi ya watu wa lugha moja wanapokutana ugenini.

"Umependeza sana, mama," tukamwambia mtoto.

Mtoto hakufurahi. Alivua taji akalirudisha kwenye rafu. Kisha akamwonyesha baba yake picha iliyokuwa kwenye boksi, binti mwenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu, akasema: "Baba, miye siwezi. Nywele zangu haziko kama zake."

Baba akacheka, halafu akanyamaza. Akatutazama kama mtu anayeomba msaada. Sisi ambao kwa zaidi ya miaka ishirini maneno ndiyo mkate wetu, na ndiyo yaliyotufanya tuikimbie nchi yetu, hatukuwa na neno hata moja la kumpa.

Mpenzi msomaji, makala hii ni jaribio la kulitafuta neno hilo. Wapo watakaosema kwamba hili ni jambo dogo, na kwamba watu wenye shida za vita, viza na kodi ya nyumba hawana nafasi ya kujadili magauni ya watoto. Sisi tunaona kinyume chake. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Siku hizi ulimwengu hausubiri mama ashindwe. Unaingia sebuleni kupitia luninga na simu kabla mama hajarudi kutoka zamu ya usiku.

Biashara iliyoanzia foleni

Watu wengi hudhani kwamba binti mfalme huyu wa magauni na mataji ni mtu wa kale. Hadithi zenyewe ni za kale kweli, lakini bidhaa ni changa. Kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu ya Snow White mwaka 1937, Cinderella mwaka 1950 na Sleeping Beauty mwaka 1959. Kwa miaka mingi kila filamu ilijitegemea, na vitu vyake viliuzwa wakati filamu inaonyeshwa, kisha vikasahaulika.

Mambo yalibadilika mwaka 2000. Mkuu mpya wa kitengo cha bidhaa cha kampuni hiyo, Andy Mooney, ambaye alikuwa ametokea kampuni ya viatu ya Nike, alikwenda kutazama onyesho la kuteleza juu ya barafu mjini Phoenix, katika jimbo la Arizona. Akiwa foleni aliwaona wasichana wadogo wamevaa magauni ya mabinti wafalme, na magauni hayo hayakuwa ya kampuni. Yalishonwa nyumbani. Mfanyabiashara akaona fedha zinampita mbele ya macho. Muda si mrefu mabinti wafalme wa filamu mbalimbali wakakusanywa chini ya nembo moja, na kila kitu cha mtoto wa kike kikapata sura yao: shuka, mswaki, begi la shule, plasta ya kidonda.

Mauzo ya nembo hiyo yalikuwa dola milioni 300 mwaka 2001. Kufikia mwaka 2006 yalikuwa dola bilioni 3. Mwandishi wa Marekani Peggy Orenstein, aliyelichunguza jambo hili katika gazeti la New York Times mwezi Desemba 2006, na baadaye katika kitabu chake cha mwaka 2011, alieleza kwamba aina za bidhaa hizo zilizidi 25,000.

Hapa hatusemi kwamba watu walikaa gizani wakapanga njama dhidi ya wasichana. Hesabu ya biashara ilitosha. Chukua familia yenye kaka na dada. Zamani baiskeli ya kaka ikimwia ndogo dada yake aliirithi. Leo ya kaka ni ya buluu yenye mchoro wa roboti, na ya dada ni ya waridi yenye taji, na hakuna atakayekubali ya mwenzake. Mzazi ananunua mara mbili. Kadiri watoto wanavyoaminishwa kwamba msichana na mvulana ni viumbe wawili wasiofanana kwa lolote, ndivyo mashine ya kuhesabia fedha inavyolia mara mbili. Kwa sisi wageni, tunaosafisha ofisi za watu na kulea wazee wa watu ili tulipe kodi, mlio huo tunausikia vizuri.

Nani anasema na nani ananyamaza

Baada ya gauni, tuitazame filamu yenyewe. Mwaka 2016 wataalamu wawili wa isimu wa Marekani, Carmen Fought na Karen Eisenhauer, walifanya kazi rahisi lakini ya maana sana. Walihesabu maneno. Waliuliza, katika filamu za mabinti wafalme, ambazo tunadhani ni filamu za wasichana, ni nani hasa anayezungumza?

Majibu yanashangaza. Katika The Little Mermaid ya mwaka 1989, asilimia 68 ya maneno yanasemwa na wanaume. Na tukumbuke kwamba nguva yule anaitoa sauti yake ili apate miguu ya kumfuata mwanamume. Katika Beauty and the Beast ya mwaka 1991 ni asilimia 71. Katika Aladdin ya mwaka 1992 ni asilimia 90. Hata Mulan ya mwaka 1998, ambayo shujaa wake ni msichana anayekwenda vitani, wanaume wanasema asilimia 77. La kushangaza zaidi ni kwamba katika Cinderella ya mwaka 1950, ambayo watu huiona ya kizamani, wanawake walisema zaidi ya wanaume.

Mtoto hahesabu asilimia. Lakini mtoto anayetazama filamu moja mara arobaini, kama wafanyavyo watoto wetu siku za mvua, anajifunza bila kufundishwa. Anaona kwamba muuza duka, mlinzi, mchekeshaji, mshauri wa mfalme na hata kasuku ni wanaume, na kwamba msichana ni mmoja tu katikati yao, na kazi yake ya kwanza ni kupendeza.

Kuhusu rangi, binti mfalme mweusi wa kwanza wa Disney, Tiana, alitokea mwaka 2009, miaka 72 baada ya Snow White. Na hata huyo, sehemu kubwa ya filamu yake ni chura. Mwaka 2022, ilipotangazwa picha ya kwanza ya filamu mpya ya nguva, ambamo mwigizaji ni Halle Bailey, msichana mweusi, matusi yalimiminika mitandaoni. Lakini siku hizo hizo wazazi wengi walirekodi watoto wao wa kike weusi wakiitazama picha ile kwa mara ya kwanza, wakipiga kelele kwamba anafanana na wao. Filamu ilitoka mwaka 2023. Yule mtoto wa dukani kwetu bado alikuwa na boksi lenye nywele za dhahabu mbele yake.

Sisi wa Kiswahili tuna kichekesho chetu maalumu katika habari hii. Mwaka 1994 kampuni hiyo hiyo ilitoa The Lion King na kuchota majina katika lugha yetu: Simba, Rafiki, Pumbaa. Maneno "hakuna matata" yakasajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara mwaka 2003, jambo lililozua malalamiko makubwa Afrika Mashariki mwaka 2018. Lugha yetu ilifaa kwa wanyama. Na hata wanyama wenyewe, anayewajua simba wa Serengeti anafahamu kwamba majike ndio wawindaji wakuu na ndio nguzo ya kundi, wakati madume huja na kuondoka. Katika filamu majike wanakaa na njaa wakimsubiri dume arudi kuwaokoa.

Utafiti unasema nini

Haifai mwandishi wa habari kusema kwa hisia tu. Mwaka 2016 Profesa Sarah Coyne wa Chuo Kikuu cha Brigham Young, Marekani, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti juu ya watoto 198 wa umri wa chekechea. Karibu wote, wasichana asilimia 96 na wavulana asilimia 87, walikuwa wamewahi kutazama filamu au vipindi vya mabinti wafalme. Lakini wasichana asilimia 61 walichezea vitu hivyo angalau mara moja kwa wiki, wakati wavulana walikuwa asilimia 4 tu. Mwaka mmoja baadaye, watoto waliozama zaidi katika utamaduni huo walionyesha zaidi tabia zinazohesabiwa kuwa "za kike" peke yake, katika michezo na katika mwenendo.

Ubaya wa tabia hizo uko wapi? Kutulia si kosa, na kupenda gauni si kosa. Ubaya huja msichana anapoamini kwamba mambo mengine si yake. Mwaka 2017 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Lin Bian, Sarah-Jane Leslie na Andrei Cimpian. Watoto wa Marekani walisimuliwa habari za mtu mwenye akili nyingi sana, bila kuambiwa ni mume au mke, kisha wakaonyeshwa picha wachague ni nani. Wakiwa na miaka mitano, wasichana walichagua mwanamke kama wavulana walivyochagua mwanamume. Walipofika miaka sita na saba wasichana walianza kupungukiwa na imani hiyo. Na walipoelezwa kwamba mchezo fulani ni wa watoto wenye akili nyingi sana, wasichana walianza kuukwepa.

Mpenzi msomaji, tafakari jambo hilo. Msichana huyu hajashindwa mtihani wowote wala hajafukuzwa na mtu, bali amejiondoa mwenyewe kimya kimya, akiwa bado na meno ya utotoni.

Lakini haki itendeke. Mwaka 2021 Coyne na wenzake walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto kwa miaka mitano, na yakawa tofauti na walivyotarajia. Watoto waliopenda mabinti wafalme walipokuwa wadogo, wakike kwa wakiume, walikuwa na mawazo ya usawa zaidi juu ya wanawake walipokaribia ujana. Kwa nini? Huenda kwa sababu hadithi hizo angalau zinamweka msichana katikati, tofauti na katuni nyingine ambamo yeye hayupo kabisa. Kwa hiyo anayetaka kuchoma magauni yote aweke kiberiti chini. Gauni peke yake halimharibu mtoto. Linaloharibu ni gauni likiwa ndiyo hadithi pekee aliyopewa.

Tusiwasingizie wageni peke yao

Ni rahisi kwetu kukaa hapa Australia tukalaumu Marekani. Lakini sisi wenyewe tulilelewa vipi? Askofu Edward Steere alipokusanya ngano za Unguja na kuzichapisha mwaka 1870, mojawapo ilikuwa ya Sultani Darai. Ndani yake maskini wa kuokota chenga anamnunua paa mwenye akili, na paa yule anamfanyia hila mpaka anaozwa binti wa sultani. Nani alimuuliza binti? Hakuna. Yeye ni zawadi mwishoni mwa hadithi, pamoja na nyumba na mali.

Na wengi wetu wa pwani tunaufahamu Utendi wa Mwana Kupona. Mwana Kupona binti Msham aliutunga mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Humo mna mafunzo ya dini, adabu, na namna ya kumtumikia mume ili apate radhi zake. Kwa zaidi ya karne moja na nusu mabibi wamewasomea wajukuu utendi huo. Kuna wanaoutumia kumfunga msichana mdomo. Lakini tazameni vizuri kilichotokea pale. Mama aliyemfundisha binti yake utiifu alimfundisha hivyo kwa kalamu, kwa ushairi wa kiwango cha juu ambao wanaume wa zama zake waliuheshimu. Maneno yake yalisema jambo moja, na mkono wake ulionyesha jambo lingine. Waliomtaja kwa utiifu wake ni wengi, na waliomtaja kama fundi wa lugha ni wachache.

Hata vitabu vya shule havikutusaidia. Nchini Kenya, mtafiti Anna Obura alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1991 jinsi vitabu vya kiada vilivyojaa wanaume na wavulana, huku wanawake wakionekana kwa nadra na katika kazi zile zile chache.

Na sisi waandishi wa habari je? Tukiri. Katika chumba cha habari tulichofanyia kazi nyumbani, mwandishi wa kike akiajiriwa alipewa ukurasa wa akina mama, yaani mapishi, mitindo na malezi. Bunge, jeshi na uchumi vilikuwa vya wanaume, nasi tuliokuwa wanaume tuliona ni sawa. Tuliandika tahariri kali za kudai uhuru wa maoni, kisha tukamtuma mwenzetu aliyesoma chuo kikuu kile kile akaandike namna ya kuondoa chunusi. Hatukuwa peke yetu. Mradi wa kimataifa wa kufuatilia vyombo vya habari, unaofanyika kila baada ya miaka mitano, ulikuta mwaka 1995 kwamba wanawake ni asilimia 17 tu ya watu wanaotajwa na kuhojiwa katika habari. Mwaka 2020, baada ya robo karne, walikuwa asilimia 25.

Sasa angalieni yanayotokea katika nyumba zetu hapa Liverpool. Luninga inamwambia msichana: pendeza, subiri, utachaguliwa. Sisi tunamwambia: tulia, pika, mtunze mdogo wako, usibishane na kaka yako. Mafunzo haya mawili hayatoki bara moja, lakini yamepeana mikono juu ya mgongo wa mtoto mmoja. Mara nyingi huyo huyo ndiye anayetutafsiria barua za serikali, ndiye anayekwenda na bibi hospitali kumsemea kwa daktari. Tunamtumia kama mtu mzima mwenye akili, kisha tunamsifu kwa nywele zake.

Australia nayo ina binti mfalme wake

Nchi hii inayotuhifadhi ina kisa chake cha kweli. Mwezi Septemba 2000, wakati wa Michezo ya Olimpiki, Mary Donaldson, msichana kutoka Hobart, alikutana na kijana mmoja katika baa ya Slip Inn mjini Sydney. Kijana huyo alikuwa Frederik, mrithi wa kiti cha ufalme wa Denmark. Walioana tarehe 14 Mei 2004, na tarehe 14 Januari 2024 Mary akawa malkia. Magazeti yaliandika kurasa kwa kurasa juu ya gauni, pete na kofia. Machache yalikumbuka kwamba ana shahada za sheria na biashara kutoka Chuo Kikuu cha Tasmania, na kwamba mwaka 2007 alianzisha taasisi inayopambana na ukatili wa majumbani, uonevu na upweke. Mtu ni yule yule. Mwandishi ndiye anayechagua amwonyeshe msichana upande upi.

Mwaka 2014 kulikuwa na kampeni hapa ya kuwataka wazazi wasinunue vitu vya kuchezea kwa kubagua wasichana na wavulana, na Seneta Larissa Waters wa chama cha Greens akaiunga mkono. Waziri Mkuu wa wakati huo, Tony Abbott, akajibu kwamba wavulana waachwe wawe wavulana na wasichana wawe wasichana. Wengi walicheka, na mjadala ukafa mapema. Lakini wenzetu kwingine waliendelea. Uingereza ilipiga marufuku mwezi Juni 2019 matangazo yenye dhana potofu za kijinsia zinazoweza kuleta madhara, na jimbo la California likaamuru kwamba kuanzia mwaka 2024 maduka makubwa ya vitu vya watoto yawe na sehemu isiyobagua jinsia.

Hata hivyo Australia imeupa ulimwengu zawadi nzuri. Katuni ya Bluey, iliyotengenezwa Brisbane na kuanza kuonyeshwa mwaka 2018, ni habari za familia ya mbwa yenye watoto wawili wa kike. Bluey mwenyewe ni msichana, lakini kwa kuwa rangi yake ni buluu watazamaji wengi hudhani ni mvulana, na kosa hilo ni somo tosha. Baba yao anacheza nao, anafagia, anachekwa na hapungukiwi na kitu. Mwaka 2024 ndicho kipindi kilichotazamwa zaidi kwa njia ya intaneti nchini Marekani, kuvishinda vya watu wazima.

Na ilipofika tarehe 16 Agosti 2023, timu ya taifa ya wanawake, Matildas, ilipocheza nusu fainali ya Kombe la Dunia na Uingereza hapa Sydney, zaidi ya watu milioni 11 walifungulia luninga. Matildas walifungwa 3 kwa 1. Lakini siku zilizofuata tuliona hapa mtaani wavulana wamevaa jezi zenye jina la mwanamke, Sam Kerr, mgongoni, wala hakuna aliyewacheka.

Na watoto wa kiume?

Mtu asidhani kwamba mvulana ananusurika. Anayefundishwa kwamba msichana ni zawadi, anafundishwa pia kwamba yeye lazima awe mshindi. Anaambiwa mwanamume halii. Tulikimbia na wavulana walioona mambo ambayo jicho la mtoto halikustahili kuyaona, kisha tukawaambia wajikaze. Wengine wamejikaza mpaka leo, na wake zao ndio wanaolipa. Mvulana anayeruhusiwa kulia, kubeba mdogo wake na kuosha vyombo hapungukiwi na uanaume. Anapunguziwa mzigo.

Tufanye nini

Hatuna dawa ya kunywa mara tatu kwa siku. Tunayo mambo machache tuliyoyajaribu wenyewe.

Kwanza, tuketi na watoto wanapotazama, tuulize maswali. Kwa nini analala tu akisubiri kubusiwa? Wewe ungefanya nini? Mtoto aliyeulizwa maswali hamezi kila kitu. Usimwache mpaka azoee simu. Ni kweli kwamba tangu tarehe 10 Desemba 2025 sheria ya Australia inaitaka mitandao mikubwa izuie akaunti za watoto walio chini ya miaka 16, lakini hakuna sheria itakayokaa sebuleni kwako.

Pili, tuwape hadithi nyingine zenye sauti yetu. Kutoka Tanzania kuna Ubongo Kids, iliyoanza mwaka 2014, na ndugu yake Akili, mtoto wa kike wa miaka minne anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye kila akilala anaingia katika nchi ya ndoto anakojifunza hesabu na herufi. Havai taji. Anazungumza Kiswahili. Vipindi vyake vinapatikana hata huku ugenini.

Tatu, tuchunge sifa zetu. Kwa wiki moja hesabu mara ngapi umemwambia binti yako "umependeza" na mara ngapi umemwambia "umefikiri vizuri". Sisi tulihesabu nyumbani kwetu. Matokeo hatuyaandiki hapa kwa aibu. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hatutaki kuwalea mabinti zetu kuwa mikakasi.

Binti mfalme wa kweli

Tulirudi kwa yule mtoto wa Uvira wiki mbili baadaye, tulipoalikwa kwao chakula. Safari hii tulikuwa na hadithi.

Tulimwambia kwamba palikuwa na binti mfalme wa kweli aliyezungumza Kiswahili. Jina lake Salme, binti wa Sayyid Said, sultani wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni kando ya bahari. Zama hizo wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma lakini si kuandika. Salme hakukubali. Kwa siri alichukua mfupa wa bega la ngamia, akaufanya ubao, akawa ananakili herufi za Kurani mpaka akajua kuandika. Mwaka 1859 kaka yake Barghash alipotaka kumpindua kaka yao mwingine, Majid, msichana huyu wa miaka kumi na mitano ndiye aliyewaandikia barua, kwa kuwa kalamu alikuwa nayo. Mapinduzi yalishindwa.

Baadaye alimpenda mfanyabiashara Mjerumani, akapata ujauzito, na mwaka 1866 akatoroka kwa meli ya kivita ya Uingereza mpaka Aden. Wakaoana mwaka 1867 wakaenda Hamburg. Mwaka 1870 mume akafa kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi na lugha ngeni. Hakuja mwana mfalme kumwokoa. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu za maisha yake. Alifariki Jena mwaka 1924, mbali na Unguja, na kaburi lake liko Hamburg.

Hatumfanyi malaika. Alikulia katika nyumba iliyoendeshwa kwa jasho la watumwa, na kitabuni mwake aliutetea utumwa. Watu wa Uvira wanajua misafara ile ilipita wapi. Hayo baba wa mtoto aliyasema mwenyewe, na ana haki. Siku moja binti yake ataambiwa na hayo pia.

Tulijiandaa kwa swali la nywele. Kwa kweli nywele za Salme nazo hazikuwa kama za mtoto huyu, kwani mama yake alikuwa Mcherkesi. Lakini mtoto hakuuliza nywele, wala hakuuliza taji. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, kisha akamgeukia mama yake aliyekuwa anapakua nyama.

"Mama," akasema, "usitupe mfupa."